Sketi Inafunga Asubuhi, Jioni Inakataa

SWALI: Mtaalamu, shikamoo. Mimi ni mama wa watoto watatu, nina miaka 41, ni karani hapa Morogoro. Nina kilo 84 na urefu wa sentimita 162. Tangu mwaka jana tumbo linajaa gesi karibu kila siku. Asubuhi naamka niko sawa, ikifika saa kumi jioni sketi haifungi, na kwenye daladala vijana wananipisha kiti wakidhani nina mimba. Niliamua kupunguza mwili. Nimeacha ugali usiku, nakula bakuli la kabichi na tikiti au embe. Mchana ni maharage na parachichi. Asubuhi nakunywa maji ya vuguvugu yenye ndimu, halafu kuna chai ya kupunguza mwili niliyouziwa na rafiki. Nilipungua kilo mbili, zikarudi, na tumbo ndiyo kwanza limezidi. Nimepimwa mara tatu, mara taifodi, mara amiba, nikameza dawa, hali ni ileile. Je, gesi ndiyo inayonizuia kupungua, au unene ndio unaoleta gesi? Nianzie wapi?

JIBU: Marahaba, mama. Anzia dukani, ununue futi ya fundi cherehani kama huna. Kwa siku saba jipime mzunguko wa tumbo usawa wa kitovu mara mbili kwa siku: asubuhi ukitoka chooni, kabla hujanywa chochote, na usiku kama saa mbili. Simama wima, toa pumzi kawaida, usivute tumbo ndani wala kukaza futi. Nasema hivyo kwa sababu mkono wa mtu anayejipima huwa unakaza futi wenyewe bila kuambiwa. Andika namba zote mbili kwenye daftari.

Namba ya asubuhi ndiyo inayokaribia ukweli wa mafuta. Tofauti kati ya asubuhi na usiku ni ya gesi, maji, chakula kilichomo ndani na misuli ya tumbo iliyochoka. Niliwahi kumpima mwalimu mmoja aliyekuja na malalamiko kama yako: asubuhi alikuwa na sentimita 96, jioni yake 104. Alipoona ile 104 machozi yakamlengalenga, kwa sababu kichwani mwake hiyo ndiyo ilikuwa namba yake, akidhani anaongezeka kila siku. Lakini mafuta hayawezi kuongezeka sentimita nane kati ya chai ya saa nne na kengele ya kutokea, kisha yakayeyuka usingizini. Mwili hauna ufundi huo.

Kwa hiyo swali lako lina majibu mawili tofauti. Gesi haikuzuii kupungua, na yenyewe haina uzito wa kuonekana kwenye mizani. Unene nao unachangia kidogo: mafuta ya ndani ya tumbo, yale yanayozunguka utumbo na ini, hula nafasi, hivyo gesi ya kawaida tu inatosha kulisukuma tumbo mbele. Ila kutokana na barua yako, naona umelipa deni la mtu mmoja kwa mwingine. Ulitaka kupunguza mafuta, ukabadilisha vyakula, na vyakula ulivyochagua vyote ni vya kuleta gesi. Gesi ikaongezeka, ukaamini unanenepa, ukabana zaidi kwa kuongeza vilevile.

Hebu tuupitie mlo wako. Umeondoa ugali. Kwa upande wa gesi, ugali wa mahindi na wali ni katika vyakula vipole kabisa, kwa kuwa sehemu kubwa ya wanga wake humeng'enywa na kufyonzwa kwenye utumbo mwembamba kabla ya kufika chini. Badala yake umeweka kabichi bakuli zima, maharage, parachichi, tikiti na embe. Samahani, nilipofika hapo nilitabasamu. Mtu akiniomba nimpangie mlo wa kumjaza mtu gesi, ningemwandikia huohuo, labda ningeongeza kitunguu kingi tu.

Sababu ni hii. Maharage yana sukari ndefu ziitwazo rafinosi na stakiosi, na binadamu hana kimeng'enya cha kuzikata. Zinapita utumbo mwembamba zikiwa nzima, zinaingia utumbo mpana, na huko bakteria wanazipokea kwa furaha. Wanazichachua kama togwa inavyochachuka kwenye mtungi, na povu lake ni haidrojeni, kaboni dayoksaidi na kwa baadhi ya watu methani. Kitunguu maji, kitunguu saumu na ngano vina wanga wa jamii hiyo uitwao fruktani, na kabichi ikiliwa kwa wingi nayo imo. Embe na tikiti vina sukari ya matunda iliyozidi glukosi, na utumbo wa watu wengi hauwezi kuifyonza yote kwa mkupuo. Parachichi lina sukari-pombe, ndugu wa zile zinazowekwa kwenye pipi na bigijii zisizo na sukari. Chuo Kikuu cha Monash kilichopo Melbourne, Australia, ndicho kilichozikusanya sukari na wanga hizi chini ya jina moja, FODMAP, na kupima chakula kimoja baada ya kingine kujua kina kiasi gani. Si sumu. Nyingine ni lishe ya bakteria wazuri tunaowahitaji. Tatizo ni wingi wake kwa siku moja, na utumbo ambao hisia zake ni kali kuliko za jirani yako.

Hilo la hisia nalitilia mkazo, maana watu hudhani mwenye tumbo kujaa ana gesi nyingi kuliko wengine. Watafiti wa Barcelona, Hispania, waliwapiga watu picha za tumbo wakati limejaa na wakati limetulia, na kwa wengi gesi iliyoongezeka ilikuwa kidogo sana. Kilichobadilika ni misuli. Mtu wa kawaida akipata gesi tumboni, kiwambo cha kupumulia kinapanda juu na misuli ya mbele ya tumbo inakaza. Kwa wenye tatizo hili inakuwa kinyume, kiwambo kinashuka na ukuta wa tumbo unalegea, na kila kitu kinasukumwa mbele. Ndiyo maana jioni unaonekana mwenye mimba ya miezi sita bila kuwa umekula kitu cha ajabu. Ukilala, mpangilio unabadilika, misuli inapumzika, asubuhi sketi inafunga.

Sasa maziwa. Hukuyataja, lakini karani wa Kitanzania asiyekunywa chai ya maziwa simjui. Watu wazima wengi Afrika hupunguza kimeng'enya cha kukata sukari ya maziwa kadiri utoto unavyopita. Hata hivyo hatufanani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 na kundi la mtaalamu wa vinasaba Sarah Tishkoff ulionyesha kwamba baadhi ya watu wa Tanzania, Kenya na Sudani wana mabadiliko ya vinasaba yanayowawezesha kuendelea kunywa maziwa ukubwani, na mabadiliko hayo si yaleyale ya Wazungu. Yameenea zaidi kwa jamii za wafugaji. Kwa hiyo wewe na jirani yako mnaweza kunywa kikombe cha chupa moja ya chai, yeye akaendelea na kazi na wewe ukaanza kufungua kifungo. Mtindi mara nyingi huwa na nafuu kwa kuwa bakteria wameshaila sehemu ya sukari hiyo.

Niende kwenye ile chai ya kupunguza mwili. Pakiti ukiisoma nyuma, kama imeandikwa chochote, mara nyingi utakuta sanamaki. Wazee wa pwani wanaijua, ni dawa ya kuharisha, na kwa mtu aliyefunga choo kwa siku chache ina kazi yake. Kwa mafuta haina kazi. Inafanya kwenye utumbo mpana, wakati nguvu ya chakula imeshafyonzwa juu. Kinachotoka ni choo, maji na chumvi za mwili, potasiamu ikiwemo, na ndizo zile kilo mbili zako. Zilirudi kwa sababu ulikunywa maji. Inaleta msokoto na gesi pia, na ukiizoea unaweza kufika mahali choo hakitoki bila yenyewe. Hiyo iache leo. Rafiki atakasirika kidogo, atapoa. Ndimu haina neno, haiyeyushi mafuta lakini haidhuru, ila usiiache ikae mdomoni, inakula meno.

Kitu ambacho hukuniandikia ni choo, na ningekuwa nawe ana kwa ana lingekuwa swali langu la pili. Unaenda mara ngapi kwa wiki? Ni laini au vipande kama vya mbuzi? Unatoka ukihisi umemaliza? Wanawake wengi wa ofisini wanajizuia tangu asubuhi hadi jioni kwa sababu choo cha ofisi hakifungi, au kiko mlangoni pa bosi, au hakina maji. Choo kikikaa utumbo mpana, bakteria wanapata muda zaidi wa kuchachua na gesi inakosa njia. Kuna mtu anaweza kwenda kila siku na bado amejaa, kwa kuwa anatoa kidogo tu. Msaada wa kwanza hapa ni muda maalumu: dakika kumi baada ya chai ya asubuhi, maana chakula kikiingia tumboni utumbo mpana unaamshwa. Kama unatumia choo cha kukaa, weka kistuli chini ya miguu magoti yapande juu ya nyonga. Choo cha kuchuchumaa hakihitaji somo hili.

Kuhusu vipimo. Taifodi ni ugonjwa wa homa. Mtu aliyejaa gesi mwaka mzima bila homa, anayekwenda kazini kila siku, hana taifodi ya mwaka mzima. Kipimo cha damu cha Widal kinaangalia kingamwili, na kingamwili zinaweza kubaki kutoka maambukizi ya zamani au kuchokozwa na vijidudu vingine. Sisemi waliokupima walikuwa na nia mbaya. Nasema umemeza antibiotiki mara tatu, na antibiotiki zenyewe huwavuruga bakteria wa utumboni na kwa baadhi ya watu huacha tumbo likiwa bovu zaidi ya lilivyokuwa.

Vipimo ambavyo mimi ningependa ufanye ni vingine, na usingoje mlo ufanye kazi kwanza. Ultrasaundi ya tumbo na nyonga ndiyo ya kwanza. Uvimbe wa fibroidi kwenye kizazi ni wa kawaida sana kwa wanawake weusi wa umri wako, na ukikua unaliinua tumbo na kukandamiza utumbo na kibofu. Mifuko ya mayai nayo lazima ionekane. Saratani yake mara nyingi huanza kwa dalili za kipuuzi kabisa: tumbo kujaa kila siku, kushiba upesi, kwenda haja ndogo mara kwa mara. Kujaa kwako kunakokuja jioni na kuondoka asubuhi hakufanani sana na huko, ambako tumbo huwa halirudi, lakini ni tatizo jipya, lina zaidi ya miezi kadhaa, na picha moja inamaliza ubishi. Pima ujauzito pia. Usicheke, nimeshaona.

Kisha wingi wa damu, sukari, na tezi ya shingo, yaani thairoidi. Thairoidi ikilegea, uzito unapanda, choo kinakuwa kigumu, tumbo linajaa, mtu anasikia baridi na uchovu. Zote hizo zinaweza kuwa kitu kimoja. Kipimo cha choo kiangalie giadia, mdudu anayejaza gesi kweli. Na kama una maumivu au moto chembe cha moyo, wapime bakteria wa vidonda vya tumbo, Helicobacter pylori, kwa kipimo cha choo au cha pumzi. Kile cha tone la damu kinaweza kusoma chanya hata baada ya kupona. Ukiwa unameza omeprazole, dawa ya kupunguza asidi ya tumbo, iache wiki mbili kabla ya kipimo kwa ruhusa ya daktari, na antibiotiki ziwe zimepita wiki nne, vinginevyo kipimo kinadanganya. Bakteria hawa ndio daktari Barry Marshall wa Australia aliokunywa kwa makusudi mwaka 1984 kuthibitisha kwamba wanaumiza tumbo, akaugua kweli, na mwaka 2005 yeye na mwenzake Robin Warren wakapewa Tuzo ya Nobel. Hadithi nzuri, lakini imefanya kila tumbo linalojaa liitwe H. pylori. Watu wengi Afrika wanaishi na bakteria hao bila dalili yoyote, na kuwatibu hakupunguzi kitambi.

Usisubiri hata wiki ukiona damu kwenye choo au choo cheusi kama lami, ukianza kutapika mara kwa mara, chakula kikikwama kooni, tumbo likibaki limevimba hata asubuhi na kuwa gumu, macho yakiwa ya njano, au uzito ukianza kushuka bila wewe kufanya lolote. Hilo la mwisho watu hulishangilia wakidhani dua imejibiwa.

Tena angalia dawa unazotumia. Sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu huongeza uzito kwa baadhi ya wanawake. Metformini ya kisukari hujaza gesi, hasa mwanzoni. Vidonge vya madini ya chuma hufunga choo. Usiache dawa kwa sababu ya maneno yangu, zipeleke kwa daktari na uulize. Na zile sindano za kupunguza mwili zinazonadiwa siku hizi hupunguza kasi ya tumbo kumwaga chakula, kwa hiyo kichefuchefu, kufunga choo na kujaa ni sehemu yake. Wewe mwenye tumbo hili usizichome kwa kuletewa na mtu wa mtandaoni.

Tuje kwenye kilo. Kwa urefu wako, kilo 84 ni BMI ya 32, yaani kipimo cha uzito kwa kulinganisha na urefu, na kuanzia 30 inahesabiwa kiribatumbo, unene uliopitiliza. Sikupi namba hiyo ili ujione vibaya, ila kwa afya ya moyo na sukari lengo la kwanza si kufika 60. Ukishusha kilo 4 hadi 8 na kuzishikilia, presha na sukari huwa vinaonyesha tofauti. Nusu kilo kwa wiki ni mwendo mzuri, na kuna wiki mizani itakataa kabisa kushuka. Siku chache kabla ya hedhi mwili hushika maji, kilo moja au hata zaidi inaweza kuonekana na kupotea. Kwa hiyo linganisha wiki hii na wiki kama hii ya mwezi uliopita.

Sasa nikuulize swali la jikoni. Lita moja ya mafuta ya kupikia inakwisha siku ngapi nyumbani kwako, na mnakula watu wangapi? Nilifanya jaribio na mama mmoja jikoni kwake. Nilimwambia amimine mafuta kwenye sufuria kama anavyomimina kila siku kwa mchuzi wa watu wanne, kisha tukayahamisha kwa kijiko cha mezani. Vilikuwa vijiko tisa. Alidhani ni vitatu, na alikuwa mkweli, mkono ndio uliozoea. Kijiko kimoja kina kama kalori 120, sawa na kipande cha ugali, ila ugali utauona kwenye sahani na mafuta hutayaona. Lita nzima ni zaidi ya kalori 8,000. Familia ya watu watano ikiimaliza kwa siku nne, kila mmoja amekula takriban kalori 400 za mafuta kwa siku kabla hajagusa chakula chenyewe. Ukiifanya lita hiyo ikae siku nane, umepunguza kalori 200 kwa siku bila kuacha ugali, bila kununua mtindo wowote, na tumbo halitaongeza gesi hata chembe. Andika tarehe kwenye chupa kwa kalamu ya wino mzito siku unayoifungua.

Baada ya mafuta ni vitu vya mezani ofisini. Chai tatu zenye vijiko vitatu vya sukari kila moja ni gramu 36 za sukari. Soda ya mililita 300 iko karibu na hapo pia, na gesi yake ni ya bure. Karanga za kukaanga ni chakula kizuri, ila gramu 100 zina kalori zaidi ya 550, na mfuko ukiwa wazi pembeni ya kompyuta mkono haujui kusimama. Parachichi lako nalo ni mafuta, mazuri, lakini zima moja kubwa si kachumbari. Najua pia kuna vikao vya harusi na kitchen party, na mtu anayekataa pilau ya watu anaitwa anaringa. Kula, chukua sahani moja, nyama iwe nyingi kuliko wali, kunywa maji, cheza muziki.

Mpango wenyewe nitakupa kwa wiki sita, na nakuomba usiurefushe wala kuukaza.

Wiki tatu za mwanzo tunalituliza tumbo. Rudisha ugali usiku, kipande cha ukubwa wa ngumi yako, au wali kikombe kimoja uliopikwa. Kitoweo kiwe samaki, dagaa, mayai au kuku. Protini hizo hazichachuki na zinashibisha muda mrefu, jambo ambalo kabichi haiwezi. Mboga iwe mchicha, karoti, nyanya, tango. Matunda ni papai, chungwa au nanasi, kipande kimoja kwa wakati, si bakuli. Maharage, kabichi, embe, tikiti, parachichi, chapati, mandazi na maziwa vinapumzika. Kitunguu kitakusumbua zaidi maana kimo katika kila mchuzi, na ukila kwa mama lishe huwezi kumwamrisha. Nyumbani fanya hivi: kaanga vipande vikubwa vya kitunguu saumu kwenye mafuta, harufu ikitoka vitoe kabla hujatia nyanya. Fruktani huyeyuka kwenye maji, haiyeyuki kwenye mafuta, hivyo unabaki na ladha bila gesi. Majani mabichi ya kitunguu nayo ni salama, unayakatia juu mwishoni.

Usishinde njaa hadi jioni kisha ukafidia. Tumbo lililoachwa tupu kwa muda wa saa kumi na kupokea sahani ya kilima lazima litutumke. Kula mara tatu, taratibu, uweke kijiko chini katikati ya matonge, au mkono kama hutumii kijiko. Bigijii acha, inakumezesha hewa. Mkanda wa kubana tumbo vua, unasukuma kila kitu juu na kukuletea kiungulia. Baada ya chakula cha mchana zunguka jengo la ofisi dakika kumi hadi kumi na tano. Matembezi hayo mafupi yanasaidia gesi kusafiri kuliko vidonge vingi. Jioni ukifika nyumbani lala chali, magoti yamekunjwa, mkono mmoja kifuani na mwingine kitovuni, vuta pumzi taratibu mkono wa chini upande na wa juu utulie. Dakika tano. Inaonekana mchezo wa watoto, lakini ndiyo njia ya kukifundisha kiwambo tabia mpya.

Wiki ya nne tunaanza kurudisha, kimoja kimoja, kila kimoja siku tatu. Siku ya kwanza kidogo, ya pili zaidi, ya tatu kiasi ulichozoea, huku futi ikiendelea kuandika. Anza na maziwa, kisha maharage, kisha embe, kisha mkate, kisha kitunguu. Hapa ndipo watu wengi wanashangaa, kwa kuwa mara nyingi ni viwili au vitatu tu vinavyowasumbua, na vingine vyote walikuwa wanavionea. Kinachosumbua punguza kiasi, si lazima ukifute. Kubaki kwenye wiki tatu za mwanzo mwaka mzima kunawanyima bakteria wazuri chakula, sitaki hilo.

Maharage hasa nataka uyarudishe, ni chakula cha bei nafuu na cha kushibisha. Yaloweke usiku kucha, asubuhi mwaga yale maji yenye povu, suuza, yachemshe dakika kumi, mwaga tena, ndipo uweke maji ya kupikia. Ile sukari inayotusumbua inatoka na maji unayomwaga. Magadi yanalainisha haraka ila ni sodiamu, na wewe hutaki kushika maji zaidi. Anza na robo kikombe. Choroko kwa wengi ni pole zaidi.

Futi itakapoanza kuonyesha tofauti ya sentimita mbili au tatu badala ya nane kama za yule mwalimu, usishangae mizani ikiwa palepale. Hiyo ni hesabu ya gesi imelipwa, ya mafuta inafuata kwa kasi yake, na utaiona kwenye namba ya asubuhi. Kwa mwanamke, kiuno cha zaidi ya sentimita 80 ndipo hatari ya sukari na moyo inapoanza kupanda, na 88 inapanda zaidi. Kile hupimwa juu kidogo ya kitovu, kati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, kwa hiyo usichanganye na namba za daftari letu.

Ukienda hospitali, chukua daftari hilo. Na ukiingia kwa daktari usianze na neno gesi, kwa sababu ukisema gesi utaandikiwa dawa ya gesi na mlango utafunguliwa kwa mgonjwa mwingine. Mwambie hivi: tangu mwezi fulani mwaka jana tumbo langu linavimba karibu kila siku, asubuhi ni sentimita hizi na jioni hizi, choo changu kiko hivi, hedhi yangu iko hivi, nimeshameza dawa hizi mara tatu bila nafuu, naomba ultrasaundi ya tumbo na nyonga na kipimo cha thairoidi. Kisha nyamaza, umwache aulize.